Uliza Ujibiwe: Mizani Kabla ya Moto

Toleo hili tumeliachia barua za watu wanaofanya kazi za kemia hapa visiwani, hata kama wenyewe hawaziiti hivyo: wapika makonyo (vikonyo vya karafuu), wachoma chokaa, watengeneza sabuni, na walimu wanaowafundisha watoto wao. Wengi mmeuliza namna ya kushirikiana na watafiti katika kupunguza hewa ukaa. Tumezifupisha barua, na zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi ni kikundi cha watu saba, Pemba. Tunapika makonyo kwa kuni na kuuza mafuta. Watafiti wametuomba tushirikiane nao kupunguza hewa ukaa, na wanataka takwimu zetu. Hatuna takwimu, tuna kuni tu. Tuanzie wapi? (Kikundi, Wilaya ya Chake Chake)

Waalaykum salaam. Anzeni na mizani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kuni ni mali. Mtu akikwambia mtambo wake "umepunguza kuni nusu" bila kuzipima kabla na baada, hajasema kitu.

Kwa kila mpiko pimeni mambo sita. Uzito wa makonyo yanayoingia. Uzito wa kuni zinazoingia motoni, na uzito wa zilizobaki. Unyevu wa kuni. Lita za maji yote yanayotoka kwenye kondensa, yaani bomba la kupozea mvuke, pamoja na mafuta. Uzito wa mafuta. Saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Mafuta yapimeni kwa kilo, si kwa lita: mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, lita moja ina takriban kilo 1.05, na kikundi kinachochanganya lita na kilo kinajipa kosa la asilimia 5 kabla hakijaanza.

Unyevu ndio unaowaponza wengi. Kuni zilizokaushwa vizuri, zenye maji asilimia 20, hutoa takriban megajuli 14 kwa kilo. Kuni mbichi zenye maji asilimia 50 hutoa takriban 8, kwa sababu sehemu ya moto wake inakwenda kukausha kuni zenyewe. Kwa hiyo kilo 100 za leo na kilo 100 za wiki iliyopita huenda si kitu kimoja. Pasueni kipande kutoka katikati ya gogo, kipimeni, muwape watafiti wakikaushe kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena. Kazi hiyo ni yao, kwani oveni wanayo wao. Nyinyi mnao mtambo, na ndiyo maana wanawahitaji.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mpiko mmoja: makonyo kilo 300, kuni kavu kilo 250, maji ya kondensa lita 500, mafuta kilo 14.5. Kuchemsha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 30 mpaka ikawa mvuke kunahitaji megajuli 2.55. Lita 500 zinahitaji 1,275. Kuni zilitoa 250 × 14.3, yaani 3,575. Gawa: asilimia 36 tu ya moto ndiyo iliyofanya kazi, zilizobaki zimetoka kwa dohani, kwa mlango wa jiko na kwa ubavu wa pipa. Na kila kilo ya mafuta imekula kilo 17.2 za kuni. Nambari hizi mbili, 36 na 17.2, ndizo mtakazozipigania.

Wapi pa kukata? Tunaanza na pale wengi wasipopaangalia, mwisho wa mpiko. Kila nusu saa badilisheni chupa ya kupokelea, mpime mafuta yaliyotoka katika nusu saa hiyo peke yake. Mwanzo yatakuja kwa wingi, kisha yatapungua, kisha yatakuwa matone huku moto unawaka vile vile. Ikiwa lita 80 za mwisho zimeleta gramu 200 tu, hizo lita 80 zimekula kuni kilo 40 kwa gramu 200. Lakini msizime mapema kwa kukisia. Mafuta ya makonyo si kitu kimoja: ndani yake mna eujeno, kemikali yenye harufu ya karafuu, kwa wingi, na vitu vyengine ambavyo havitoki vyote saa moja. Ukikatisha mpiko huenda ukabadilisha uwiano, na mnunuzi anaangalia uwiano. Hapa ndipo ushirikiano unapolipa: wapeni watafiti chupa za kila nusu saa, wao wazipitishe kwenye kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha vilivyomo ndani ya mafuta, wawaonyeshe ni saa ngapi mnaweza kuzima bila kushuka daraja.

Pili, moto wenyewe. Moshi mweusi maana yake hewa haitoshi. Moto mkali usio na moshi, na dohani ya moto kupita nyuzi 300, maana yake hewa ni nyingi mno na joto linakwenda kuwapasha kunguru. Wekeni bati la kuziba na kufungulia kwenye dohani, na mlango wa jiko ufungwe kila baada ya kutia kuni. Dohani ikiwa baina ya nyuzi 180 na 250 mko pazuri; ikishuka sana masizi yanaganda na mvuto wa hewa unapungua.

Tatu, maji ya kulishia boila. Maji yanayopoza kondensa hutoka yakiwa na nyuzi 60 au zaidi, na watu wanayamwaga shambani. Ukiyalisha kwenye boila yakiwa na nyuzi 65 badala ya 30, umeokoa karibu asilimia 6 ya kuni bila kununua chochote ila bomba. Angalizo: hayo ni maji ya kupoozea, si maji yaliyotoka pamoja na mafuta. Maji ya mafuta yana eujeno iliyoyeyuka ndani yake. Kama mtambo wenu una maji na makonyo katika pipa moja, yarudisheni humo, mtapata na mafuta yaliyokuwa yanapotea. Kama boila iko mbali peke yake, msiyatie: yanatoa povu na yanakula chuma.

Ubavu wa pipa ufunikeni na sufi ya mawe, juu yake bati. Acheni viungio wazi, la sivyo mvuke utavuja chini ya kifuniko na sufi ikilowa haina faida tena. Mpira wa kawaida kwenye viungio huvimba kwa mafuta ya karafuu, tumieni tefloni.

Namna ya kupakia nayo ina hesabu yake. Makonyo yakishindiliwa, mvuke unachimba njia moja na kupita hapo hapo, nusu ya shehena haiguswi. Pakieni kwa tabaka za kadiri sentimita 30, kila tabaka lisawazishwe, na juu ibakie nafasi.

Sasa jambo kubwa kuliko yote haya. Baada ya mpiko mnatoa makonyo yaliyochoka, na mengi tumeona yakitupwa rundo moja nyuma ya mtambo yakaoza. Makonyo kilo 300 yakipoteza mafuta kilo 14.5, bado kuna zaidi ya kilo 200 za mti mkavu ndani ya rundo lile. Hizo ni kuni, tena za kutosha mpiko unaofuata. Tatizo ni maji: yanatoka yamelowa, na ukiyatia motoni hivyo utaua moto. Yatandazeni kwenye jamvi au sakafu ya saruji, unene usizidi sentimita 5, myageuze mara mbili kwa siku. Kaskazi siku tatu zinatosha. Masika, jengeni paa la nailoni au msahau. Wavu wa jiko uliotengenezwa kwa magogo hauyafai, vijiti vinaanguka vizima kwenye majivu kabla havijaungua. Punguzeni nafasi za wavu mpaka kidole kisipite, na mtie kidogo kidogo, kila dakika 10. Ni kazi ya mtu mmoja kutwa, na mtu huyo alipwe.

Turudi kwenye mfano. Jiko likipanda kutoka asilimia 36 mpaka 45, na mpiko ukikatwa lita 80 za mwisho, mafuta yatakuwa kilo 14.3 na kuni kilo 166. Kilo moja ya mafuta imekula 11.6 badala ya 17.2. Karibu theluthi, na bado hamjatia konyo hata moja kwenye jiko.

Kosa la mwisho, na hili ni la watafiti kama nyinyi: kupima mipiko yote ya "kabla" wakati wa kiangazi, na mipiko yote ya "baada" wakati wa masika. Hapo hujui ulichopima, mabadiliko au mvua. Pishaneni: leo njia ya zamani, kesho njia mpya, mipiko mitano mitano kwa uchache, makonyo ya mzigo mmoja, mtia kuni yule yule. Na badilisheni jambo moja kwa wakati.

SWALI: Kwa nini tusihamie umeme tukaachana na kuni kabisa? (Msomaji, Wete)

Piga hesabu ya mpiko ule ule. Megajuli 1,275 ni uniti 354; ukitia upotevu mdogo, kama uniti 373. Kwa mpiko wa saa 8 hiyo ni kilowati 47 mfululizo. Laini ya nyumba haibebi. Utahitaji fezi tatu na mazungumzo na ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, kisha uzidishe 373 kwa bei ya uniti uone kama mafuta yako yanalipa.

Upande wa hewa ukaa, umeme wa Pemba unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, uliowashwa mwaka 2010 badala ya majenereta ya dizeli ya Wesha. Usafi wake ni usafi wa gridi ya Bara, ambayo ni maji na gesi asilia. Tangu bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, kuanza kuzalisha, sehemu ya maji imeongezeka sana. Kwa hiyo jibu si "umeme ni msafi" wala "umeme ni mchafu". Kwa mtambo wa kijiji, makonyo makavu tunayapa nafasi ya kwanza. Kwa kiwanda kikubwa chenye transfoma yake, hesabu ifanywe.

SWALI: Kijana wangu wa chuo ananiambia chokaa inatoa hewa ukaa hata ukiichoma kwa jua. Mimi nimezoea kuwa moshi ndio mbaya. Ananitania? (Mchoma chokaa, Unguja Kusini)

Hakutanii, mzee wetu. Jiwe la matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Likifika karibu nyuzi 900 linavunjika vipande viwili: chokaa hai inabaki, hewa ukaa inaruka. Kila kilo 100 za jiwe safi zinaacha chokaa kilo 56, na kilo 44 zinakwenda angani. Ukigeuza hesabu, tani moja ya chokaa imetoa kilo 785 za hewa ukaa kutoka kwenye jiwe lenyewe, moto uwe wa mnazi, wa gesi au wa jua.

Lakini usikubali kijana aishie hapo, kwani kuna mambo mawili ameyaacha. La kwanza, chokaa yako ikishapigwa ukutani inarudi kuwa jiwe kwa kunywa hewa ukaa kutoka hewani. Ndiyo maana lipu ya chokaa inakuwa ngumu. Lipu nyembamba inakunywa sehemu kubwa katika miezi na miaka michache. Ukuta mnene wa Mji Mkongwe unachukua miongo, na katikati huenda usimalize. Kwa hiyo deni la jiwe hulipwa kwa sehemu.

La pili ni moto, na deni la moto halirudi ukutani. Kuvunja jiwe kunahitaji, kwa nadharia, megajuli 3.2 kwa kila kilo ya chokaa. Tanuri zuri la mnara hutumia kama 4.5, yaani kuni kavu kilo 315 kwa tani. Tanuu la wazi, magogo chini na mawe juu, linaunguza mara kadhaa ya hapo. Tuseme limekula tani 1.5 za magogo kwa tani moja ya chokaa: moshi huo umebeba tani 2.4 za hewa ukaa, mara tatu ya iliyotoka kwenye jiwe. Kwa hiyo kijana yuko sawa kwa kemia, na wewe uko sawa kwa tanuu lako. Kwako wewe, anza na moto.

Kipimo cha kufanya nyumbani, na watafiti watakushukuru nacho: chukua mawe tisa ya ukubwa wa ngumi, yakaushe juani wiki nzima au kwenye oveni, upime kila moja kwa gramu. Yatie matatu matatu kwenye vyungu vyenye matundu, chungu kimoja chini ya rundo, kimoja kati, kimoja juu pembeni. Waya wa kufungia usitumie, utaungua. Tanuu likipoa, yapime siku hiyo hiyo kabla hayajanywa unyevu. Jiwe la gramu 1,000 lililoshuka mpaka 560 limeiva lote. Lililoshuka mpaka 700 limepoteza 300 kati ya 440, limeiva asilimia 68, ndani mna kiini kibichi. Jiwe lenye udongo halitafika 560 hata likiiva, basi tumia mawe ya shimo moja.

Kwa kawaida ya juu pembeni ndiyo mabichi, na ya chini yamepitiliza. Sababu ni ukubwa usio sawa na upepo. Pasua mawe yawe baina ya sentimita 8 na 12. Makubwa yanabaki na kiini, madogo na vumbi vinaziba njia ya hewa. Zungushia rundo ukuta wa udongo na mawe mpaka usawa wa kifua, ukiacha milango miwili ya hewa upande wa upepo, kusi au kaskazi. Ukuta huo pekee unaokoa magogo mengi. Na usidhani moto mwingi zaidi ni bora: chokaa iliyopitiliza haizimiki vizuri kwenye maji, inazimika miezi baadaye ikiwa tayari ukutani, na lipu inachomoza vipele na kubanduka. Mafundi wa nyumba za zamani wanaijua adhabu hiyo, ndiyo maana waliilaza chokaa shimoni kwa wiki nyingi.

Wakati wa kuzima, tia chokaa kwenye maji, si maji kwenye chokaa, na macho yafunikwe kwa miwani. Kilo 56 zinahitaji maji kilo 18 kugeuka unga, na kwa chokaa ya uji maji mara mbili na nusu au tatu ya uzito wake.

Na tafadhali, mawe ya matumbawe ya nchi kavu, si ya baharini. Matumbawe hai si mali ya tanuu.

SWALI: Tunatengeneza sabuni ya mwani na mafuta ya nazi. Magadi makali ya kiwandani yana hewa ukaa kiasi gani, na tunaweza kupunguza? (Kina mama, Paje)

Magadi makali ni soda kostiki, nayo inatengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi. Klorini inatoka upande mmoja, soda upande wa pili. Kila kilo inakula uniti mbili na zaidi za umeme, kwa hiyo uzito wake wa kaboni unategemea umeme wa nchi ilikotengenezwa. Mwombeni muuzaji cheti cha mzigo kinachotaja nchi na usafi. Mtafiti hawezi kukisia hilo.

Kwenu, upunguzaji ni kupima sawasawa. Kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji soda safi gramu 183. Kwa kilo 10 ni 1,830. Mkiacha asilimia 5 ya mafuta bila kugeuzwa ili sabuni isichubue, ni 1,740. Kama soda yenu ni safi asilimia 96, gawanyeni kwa 0.96: gramu 1,810. Tatizo tunalolisikia mara kwa mara, "sabuni laini haigandi", mara nyingi linatokana na dumu la soda lililoachwa wazi. Soda inanywa unyevu na hewa ukaa kutoka hewani na kugeuka magadi ya kawaida, uzito upo lakini nguvu imeondoka, na mpiko unatupwa. Mpiko uliotupwa ndio wenye kaboni nyingi kuliko wote. Gawanyeni soda kwenye vyombo vidogo vya plastiki ngumu vyenye mfuniko wa kubana. Aluminiamu marufuku, soda inaila na kutoa gesi inayolipuka.

Na msichemshe. Mafuta ya nazi hugeuka sabuni bila moto mkikoroga vizuri kwenye joto la kawaida na kuacha wiki nne hadi sita.

SWALI: Je, mwani tunaolima haufuti hewa ukaa yetu? (Mkulima, Jambiani)

Mwani unakula hewa ukaa, lakini ukivunwa, ukakaushwa, ukawa sabuni au karajinani, utelezi wa mwani wa kuzitishia chakula, kaboni ile inarudi hewani ndani ya muda mfupi. Msiutie kwenye daftari kama punguzo. Una faida nyengine nyingi, ila si hii.

SWALI: Wanafunzi wangu wanauliza: viwanda vikubwa vya kemia duniani vinafanya nini pamoja, na kinatuhusu nini sisi? (Mwalimu wa kemia, skuli ya sekondari, Mkoani)

Waambie kwanza kwa nini sekta hii ni ngumu. Viwanda vya kemia ndivyo vinavyotumia nishati nyingi kuliko viwanda vyote, na karibu nusu ya nishati hiyo haichomwi: mafuta na gesi vinaingia kama malighafi, vinatoka kuwa plastiki na mbolea. Huwezi kubadilisha malighafi kwa kubadilisha jiko.

Kisha wape mifano miwili. Ludwigshafen, Ujerumani, kampuni za BASF, SABIC na Linde zilizindua Aprili 2024 majiko mawili ya majaribio yanayovunja nafta (mafuta mepesi ya petroli) kwa umeme badala ya gesi, kwa joto la nyuzi 850, yakitumia megawati 6. Mmoja ana kiwanda, mmoja anajua kemia ya jiko, mmoja anajenga majiko. Hakuna aliyeweza peke yake. Mfano wa pili ni Lixhe, Ubelgiji, mradi wa LEILAC, wenye mtambo wa majaribio wa mwaka 2019, ambao utamgusa mchoma chokaa wetu hapo juu. Jiwe lililosagwa linaanguka ndani ya bomba refu la chuma, moto unawaka nje ya bomba. Moshi wa moto na hewa ukaa ya jiwe havichanganyiki, kwa hiyo hewa ukaa inatoka karibu safi na inaweza kukamatwa bila kuichuja. Mchore ubaoni, kwani ni wazo la daftari la kidato cha tatu: usichanganye vitu ambavyo baadaye utalipa kuvitenganisha.

Kinachotugusa ni mbolea. Amonia, malighafi ya mbolea za naitrojini, kwa kawaida inatengenezwa kwa gesi asilia, na kila tani yake hutoa karibu tani 2 za hewa ukaa kiwandani. Sehemu ya hewa ukaa hiyo hutumika kutengenezea urea, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 wa urea unaofika Cheju, bonde la mpunga la Unguja, umebeba ndani yake hewa ukaa kilo 37, na inatoka yote udongoni. Wanafunzi wahesabu wenyewe: urea ni CO(NH₂)₂, uzito 60, hewa ukaa 44. Tena mfuko huo una naitrojini kilo 23. Katika shamba kavu, kwa kadirio la kawaida, asilimia 1 yake inageuka oksidi ya naitrasi, gesi yenye nguvu mara 273 ya hewa ukaa. Hiyo ni sawa na kilo 99 nyengine. Mkulima anayeitia urea kwa awamu mbili, mche unapoihitaji, na kuifukia badala ya kuitupa juu, anahitaji mifuko michache, kwa hiyo amepunguza hewa ukaa ya kiwanda ambacho hajapata kukiona.

SWALI: Tumeletewa karatasi ya makubaliano ya utafiti, kurasa nne. Tuangalie nini kabla ya kutia saini? (Mwenye mtambo, Unguja)

Mtafiti awe anatoka SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), Taasisi ya Karume, ZARI ya Kizimbani (taasisi ya utafiti wa kilimo), chuo cha IIT Madras cha Zanzibar au nje ya nchi, mwombeni kwanza kibali cha utafiti na mbaki na nakala. Kisha tafuteni mambo haya ndani ya kurasa nne.

Nani analipa kuni na vibarua vya mipiko ya majaribio? Mipiko kumi ni gharama, na mipiko mitano kati yake ni ya njia ya zamani ambayo haikuleteeni faida mpya. Siri zenu ni zipi? Bei, wanunuzi na jina la kikundi si lazima zichapishwe. Kilo na nyuzi joto zinatosha. Matokeo mtayaona lini na kwa lugha gani? Andikeni: kwa Kiswahili, ndani ya idadi fulani ya wiki, kabla ya kuchapishwa. Vifaa vitakavyofungwa, mita ya maji, vipimajoto, mizani, vinabaki kwa nani? Hapa tuwe wakali: mradi ukiondoka na mizani, umeondoka na utafiti, kwa sababu hakuna atakayepima tena.

Jambo moja halimo kwenye karatasi nyingi nalo ni mpaka wa hesabu. Je, mnahesabu moto wa mtambo tu, au na gari lililoleta makonyo, na jenereta ya dizeli ya taa na pampu? Lita moja ya dizeli ni kilo 2.68 za hewa ukaa. Na kuni zimetoka wapi? Matawi ya mikarafuu iliyopogolewa yanachipua. Mikoko iliyokatwa bila kibali haiwezi kuandikwa kuwa nishati inayorejea. Kiandikwe chanzo cha kila mkokoteni. Wahasibu wa kaboni huiandika hewa ukaa ya kuni safu yake peke yake, na nyinyi fanyeni hivyo, msiifute.

Sampuli za mafuta: chupa ya kioo cha rangi ya kahawia, ijazwe mpaka shingoni isibaki hewa, mfuniko wenye tefloni, lebo yenye tarehe, namba ya mpiko na nusu saa yake. Wekeni chupa pacha kwenu. Maabara mbili zikipishana, ile pacha ndiyo mwamuzi, na inaweza kupelekwa kwa Mkemia Mkuu au ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar.

SWALI: Tukipunguza kuni, tunaweza kuuza kaboni? (Kikundi cha kwanza, barua ya pili)

Kwa mpiko wa mfano, kuni zilizookolewa ni kilo 84, hewa ukaa kilo 134. Mkipika mara 150 kwa mwaka, ni tani 20. Hati moja ya kaboni ni tani moja, kwa hiyo mna hati 20 kwa uzuri wa yote, na si zote zitakubaliwa, kwani kuni zinazochipua tena hazihesabiwi. Mkaguzi anayekuja kuthibitisha anagharimu zaidi ya hati 20. Mkijiunga mitambo mingi chini ya daftari la namna moja, mazungumzo yanabadilika. Kabla ya hapo, wakala akikuleteeni karatasi ya kununua kaboni yenu kwa miaka 20, mwambieni arudi na bei ya mkaguzi iliyoandikwa. Kilo 84 mara 150 ni tani 12.6 za kuni kwa mwaka. Hizo hazihitaji mkaguzi, mnajua bei yake kwa mkokoteni.